Bawaba au Umbo? Mjadala wa Buhongwa Kuhusu Ndege Inayogeuka Roboti

Kipande chenyewe hakizidi punje ya harage. Kikiwa wazi ni unyayo wa roboti. Kikifungwa, midomo yake miwili hukutana na kuwa tundu la nyuma la injini ya ndege, lile linalotoa moto. Plastiki ni ileile, kazi ni mbili. Wapenzi wa modeli za kuunganisha wamekibishania kipande cha namna hii kwa zaidi ya miaka 40, na ubishi wao unastahili kuletwa Mwanza, kwa sababu unahusu swali ambalo fundi yeyote wa mji huu analo kichwani: kitu kinachofanya kazi mbili hulipa gharama gani?

Tuwakalishe watu watatu kwenye benchi moja, Buhongwa, mbele ya karakana ya seremala isiyo mbali na barabara kuu ya kwenda Shinyanga. Daladala zinageuza, makondakta wanaita abiria wa mjini, vumbi linatua juu ya mbao zilizoanikwa. Wa kwanza ni mwenye karakana, fundi wa milango na makabati. Wa pili ni mpwa wake, mwanafunzi wa ufundi, mpenzi wa ndege na vipimo vyake. Wa tatu ni binti wa fundi, yuko sekondari, naye amekuja na kitu chake amekificha kwenye mfuko wa rambo. Watu hawa ni wa kubuni. Ndege, maboksi na tarehe watakazozitaja si za kubuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sogeza hiyo randa, weka mzigo wako tuone."

Mpwa anaweka maboksi mawili. La kwanza ni la kampuni ya Hasegawa ya Japani: ndege ya VF-1 Valkyrie kwa skeli ya 1/72. Inataka gundi, inataka rangi, na ikishakauka haigeuki kuwa kitu kingine. La pili ni la Bandai: VF-25, skeli hiyohiyo, iliyotoka mwaka 2008. Vipande vyake hubanana bila gundi, plastiki yake imekwisha kutiwa rangi kiwandani, na ikikamilika hupita maumbo matatu: ndege, roboti, na umbo la katikati liitwalo GERWALK, yaani ndege iliyoota miguu na mikono, mfano wa korongo anayetua.

Asili ya ndege hizi ni katuni. Tarehe 3 Oktoba 1982 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Macross, na mbunifu wa mashine zake, Shoji Kawamori, alikuwa amelichukua umbo la ndege ya kivita ya Marekani, F-14 Tomcat, akalifumua na kulitia viungo. Injini mbili zikawa miguu. Mikono ikalazwa chini ya tumbo, katikati ya injini. Kichwa nacho kikafichwa chini ya tumbo, mabawa yakakunjwa mgongoni. Kampuni ya Takatoku ikatoa toi la skeli 1/55 lililogeuka kweli mkononi mwa mtoto. Takatoku ilifilisika mwaka 1984, lakini toi halikufa nayo: mwaka 1985 Hasbro wa Marekani aliliuza kwa jina la Jetfire, miongoni mwa Transformers. Mtoto wa Mwanza aliyewahi kuipindapinda roboti ya Transformers, hata ile ya kuiga inayouzwa kwa bei ya chini, ameshika ndugu wa ndege iliyo kwenye benchi hili.

Modeli nyingi za kuunganisha za miaka hiyo zililikwepa tatizo kwa njia rahisi. Imai na Arii waliuza nyingi kwa mtindo huu: ndege kwenye boksi lake, GERWALK kwenye lake, roboti kwenye lake. Aliyetaka maumbo yote ya modeli hizo alinunua mara tatu.

"Na walifanya vizuri," anasema mpwa. "Mjomba, modeli ni kumbukumbu ya umbo. Angalia hapa. Skeli ya 1/72 maana yake milimita moja mezani ni milimita 72 kwenye ndege yenyewe, sentimita saba na ushei. Huu ufa wa bawaba kwenye bega la VF-25 ni nusu milimita tu. Kwenye ndege ya ukubwa kamili lingekuwa pengo la sentimita tatu na nusu. Rubani angeingiza vidole! Hakuna ndege inayoruka na mapengo ya namna hiyo. Hii ya Hasegawa haina ufa. Mstari wake kutoka puani hadi mkiani ni mmoja."

Fundi analishika boksi la Hasegawa, analigeuza, analirudisha taratibu.

"Mwanangu, mlango usio na ufa unafungukaje?"

"Huo ni mlango, mjomba."

"Ni mlango ndiyo. Nikiupachika umebana pande zote, mvua zikianza mbao inavimba, na mwenye nyumba ananirudia asubuhi amekunja uso. Ufa ninauacha kwa kupima. Wewe unauita kasoro, mimi ndiyo kazi niliyolipwa. Na hivi, hujavuka Kigongo enzi za kivuko? Lile lango la mbele lilikuwa nini? Majini ni ukuta, likishuka ni barabara, magari yanapita juu yake. Chuma kilekile."

Mpwa anatabasamu, maana jibu analo tayari. "Na kivuko kiko wapi leo? Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa, takribani kilomita tatu za zege na chuma, halina lango la kushuka wala kupanda. Kitu kilichokaa na umbo lake moja kimekishinda kile cha bawaba."

Ni hoja nzito, na kwa mtu aliyewahi kulala foleni Busisi akiwa na mgonjwa garini, ni zaidi ya hoja. Ila fundi haachi. Daraja refu lolote, anasema, huachiwa nafasi ya kupanuka jua likiwaka na kusinyaa usiku. Wajenzi wasipoiacha, zege hujitafutia lenyewe pa kupasukia. Ufa uleule, kipimo kilekile.

Binti, ambaye muda wote amekuwa akisoma karatasi ya maelekezo, anauliza swali dogo. "Kaka, F-14 yenyewe si ilikuwa inakunja mabawa?"

Hapo mpwa anakaa kimya kidogo. Ndiyo, ilikuwa inakunja. F-14 iliruka mara ya kwanza Desemba 1970, na mabawa yake yalisogea ikiwa angani kutoka nyuzi 20 hadi 68: wazi kwa kupaa na kutua polepole juu ya meli, yamerudishwa nyuma kwa mwendo wa kasi. Kwa hiyo Kawamori hakuchagua ndege tuli akaitia ujanja. Alichagua ndege ambayo tayari ilikuwa na bawaba mbili kubwa, akaendelea kutoka hapo.

"Lakini gharama yake unaijua?" mpwa anarudi kwa nguvu. "Bawaba za mabawa yale zilishikwa na boksi zito la titani lililopita katikati ya mwili, limechomelewa kwa miale ya elektroni. Kila safari ndege ililibeba boksi hilo, hata siku ambayo mabawa hayakuwa na sababu ya kusogea. Jeshi la majini la Marekani liliistaafisha mwaka 2006. Na VF-1 ya katuni inabeba zaidi: mikono isiyo na kazi angani, kichwa kisicho na kazi angani. Mhandisi wa kweli angevitupa vyote."

Hapa ndipo ubishi unapoanza kuwa na faida, kwa sababu umeacha kuuliza ipi nzuri na umeanza kuuliza nani anabeba uzito, na lini.

Mpwa anaongeza mfano wa nyumbani, na ni mfano ambao wakazi wengi wa Mwanza wangefurahi kuujua. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na kituo cha mwisho kilikuwa hapa: Mwanza, Tanganyika. Ilikuwa sehemu ya njia iliyokusudiwa kufika Cape Town. Ndege zake za ziwani hazikuhitaji uwanja wa lami, kwa kuwa zilikuwa na matumbo ya boti, zikitua juu ya maji na kufungwa kamba kama mitumbwi. "Tazama sasa, mjomba. Ndege ile ilikuwa boti na ndege kwa wakati mmoja, bila kugeuka. Chini ya tumbo waliiwekea ngazi, ili maji yaachane nayo inapokimbia kupaa. Umbo moja, dunia mbili, hakuna bawaba."

Fundi hakosi la kusema. "Na yale maboya chini ya mabawa?"

"Yalining'inia tu."

"Yakining'inia angani yanasaidia nini?"

"Hayasaidii. Yanazuia upepo."

Makala hii inalazimika kuingia kati hapa, kwa sababu kuna ndege moja inayowajibu wote wawili, nayo iliruka kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikosi cha 259 cha jeshi la anga la Uingereza kilikaa Kipevu, Mombasa, kikilinda Bahari ya Hindi kwa ndege za Catalina. Catalina nayo ilitua majini na ilihitaji maboya ya pembeni. Ila baada ya kupaa, maboya yake yalipanda kwa mikono ya chuma, yakalala mwishoni mwa mabawa, na kuwa ncha za mabawa yenyewe. Boya majini, ncha ya bawa angani. Huo ndio unyayo wa roboti unaogeuka tundu la injini, kitu kilekile, miaka 40 kabla ya Macross, na hakikuwa mchezo wa watoto.

Kwa maoni ya mwandishi, Catalina inatoa kipimo kizuri kuliko vyote cha kulinganishia modeli hizi. Kipande kinachogeuka kiulizwe: katika kila umbo, je, una kazi, au umefichwa tu? Miguu ya VF-1 inafaulu mtihani huu vizuri sana, kwa sababu mguu ni injini kwelikweli na unyayo ni tundu lake. Mikono inafeli, maana ndege ikiruka mikono ni mzigo uliofichwa chini ya tumbo. Ndiyo sababu mwenye kuilinganisha VF-25 ya Bandai na ndege tuli ya Hasegawa huona tofauti zaidi tumboni kuliko kwingine kokote: ya Hasegawa ina tumbo lililotulia, ya Bandai imejaa vitu vilivyobanwa pamoja. Aliyechora alibana alipoweza, na mahali ambapo hakuweza panaonekana kwa macho.

Lakini mpwa ana hoja moja ambayo hakuna bawaba itakayoizungusha, na anaitoa kwa sauti ya chini.

"Mjomba, hapa Mwanza ndege za vita hazikuwa katuni."

Kweli. Mwaka 1979, vita vya Kagera vikiendelea, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kulipua ghala la mafuta la Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na bustani ya wanyama, na wanyama wakafa. Kisiwa hicho leo ni hifadhi ya taifa, na wanafunzi huvushwa kwa boti kwenda kuwaona swala na pimbi. Upande wetu Jeshi la Anga lilikuwa na MiG-21, na Mwanza ilikuwa moja ya vituo vyake. "Kampuni ya Eduard ya Ucheki inatengeneza MiG-21 kwa skeli ya 1/48, unahesabu hadi misumari ya ribiti kwenye bati," anasema. "Mtu aliyepoteza ndugu kwenye vita ile, ukimjengea MiG ile, utamwekea ufa begani ili igeuke roboti? Kuna ndege inayotakiwa kukaa kama ilivyokuwa. Ukiikosea umbo umemkosea mtu."

Fundi hajibu. Anafuta vumbi juu ya benchi kwa kiganja, na anakubali kwa kichwa. Mwandishi naye anakubali: modeli inayojengwa kwa ajili ya kumbukumbu haina ruhusa ya kuwa kitu kingine, na mjenzi wake ana wajibu wa kupima mpaka ribiti ya mwisho.

Binti anafungua mfuko wa rambo.

Kilichomo ni ndege ya boksi la viatu, imekatwa kwa wembe na kukunjwa, magurudumu ya kandambili iliyokatika, kwa namna ambayo watoto wa Kanda ya Ziwa wamezijenga siku zote, kwa mabua ya mtama, kwa waya, kwa makopo. Ila hii ina miguu. Kila mguu umeshikwa na spoku ya baiskeli iliyopita ndani ya kipande cha bomba la kalamu ya Bic. Spoku ni pini, bomba ni bawaba. Anaushusha mguu wa kulia. Unashuka, unasimama sekunde moja, kisha unaporomoka taratibu na ndege inalala kifudifudi.

"Wa kulia unalegea, baba. Wa kushoto nimeutengeneza tofauti."

Anaushusha wa kushoto. Huu haulegei. Ukisukumwa kidogo unapinga, ukifika katikati unasita, kisha unaruka wenyewe hadi mwisho na kukaza: *tak*. Ukiusukuma kurudi, vilevile: unapinga, unasita, unaruka juu na kubana tumboni. Ndani kuna ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa kidole kidogo, umefungwa ncha moja kwenye mguu na nyingine kwenye mwili, juu kidogo ya spoku. Mguu ukiwa juu, ukanda unapita upande mmoja wa spoku na kuuvuta juu. Ukishuka, ukanda unavuka upande wa pili wa spoku, na nguvu ileile iliyokuwa ikiupandisha sasa inaushusha. Hakuna komeo, hakuna gundi. Ni mahali tu ukanda ulipofungwa; ukiufunga sentimita moja chini zaidi, haufanyi kazi.

Mpwa ameinama hadi pua inakaribia kugusa boksi. Anaushusha mguu, anaupandisha, mara tano, mara sita.

"Hivi ndivyo gurudumu la ndege linavyojifunga likishuka," anasema hatimaye. "Kiungo kinavuka mstari wa katikati, halafu uzito wenyewe unakikaza badala ya kukikunja. Nimelisoma darasani. Sikuwahi kuligusa."

"Na hiyo ya Hasegawa, gurudumu lake linashuka?" fundi anauliza, bila kejeli.

"Nitachagua. Ama nilibandike limetoka, ama limeingia. Likishakauka, basi."

Hapo ndipo mizani inapolala, kwa mtazamo wa makala hii. Modeli tuli inamwonyesha mjenzi ndege ilivyo, lakini inamruhusu kuifunika kwa gundi kila sehemu ambayo ndege halisi inasogea: gurudumu, bawa, usukani wa mkia. Modeli inayogeuka haimruhusu. Kiungo kikilegea, roboti inaanguka mbele ya macho yake. Ukingo usiposuguliwa msasa kabla ya rangi, rangi inachubuka siku ya kwanza ya kugeuza, na mkwaruzo wenyewe unamwonyesha ni wapi vipande viwili vinagusana. Wajenzi wazoefu hukaza kiungo kilicholegea kwa kupaka tone la supa gluu kwenye gololi ya kiungo, kuliacha likauke kabisa, ndipo wairudishe mahali pake. Ni tone moja tu, lakini anayelipaka ameshaelewa msuguano ni nini.

Kuna pia jambo la mfuko. Gundi ya modeli na rangi zake si bidhaa za duka la kona Buhongwa wala za soko la Mlango Mmoja. Boksi linalobanana bila gundi, lenye rangi tayari, linaweza kumalizwa mezani kwa koleo ndogo, kisu na kipande cha msasa. Na asiye na boksi lolote ana spoku, kalamu iliyokwisha wino na tyubu iliyopasuka, vitu ambavyo fundi baiskeli yeyote wa Buhongwa anavyo chini ya meza yake.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Kwa anayeanza, modeli ya kwanza iwe inayogeuka, pamoja na nyufa zake na tumbo lake nene. Ndege tuli ije ya pili, kwa mkono uliokwisha kujua gurudumu linashukaje. Na ile ya kumbukumbu, MiG ya Kagera, isubiri mkono wa tatu uliokomaa, kwa heshima anayoidai mpwa.

Tangu Januari 2024 baadhi ya shule zetu za sekondari zinafundisha mkondo wa amali. Mwalimu wa amali wa Nyamagana au Ilemela anayesoma haya anaombwa jambo moja: kabla ya kuchora bawaba ubaoni, awape wanafunzi spoku, bomba la kalamu na ukanda wa tyubu, kisha awadai mguu mmoja unaokaza ukiwa juu na unaokaza ukiwa chini. Mguu wa kulia wa ndege ya binti bado unalegea, na baba yake amekwisha kumsogezea mkasi.